Viti Vitatu na Bolti Zake

Mtaa mzima haukuwa na kinyozi msomi kama Profesa. Jina hilo alipewa na wateja, maana mtu akishafungwa kitambaa shingoni hana pa kukimbilia, na Profesa alikuwa na mhadhara juu ya kila jambo, toka siasa hadi minyoo ya tumboni. Siku alipoletewa mkataba wa pango la chumba chake cha kazi, kurasa sita za herufi ndogo kama mayai ya chawa, alitafuta penye kodi, akatafuta pa kutia sahihi, akamaliza.

"Baba Pacha, na hizo za katikati?" mkewe akamuuliza.

"Hizo ni maneno ya kujaza karatasi, mama. Mawakili wanalipwa kwa urefu."

Mkewe akaukunja mkataba, akauhifadhi. Ndoa ya miaka kumi na saba inamfundisha mtu mahali pa kuokoa pumzi zake.

Roho ya Profesa ilikuwa viti vyake vitatu vya kuzunguka, vya ngozi nyekundu. Alivinunua kimoja kimoja, huku familia nzima ikivaa viatu vilevile mpaka vidole vikaanza kuchungulia. Kisha, mwezi wa pili tu wa kazi, mheshimiwa mmoja mnene alijitupa kitini na cheo chake chote. Kiti kikapinduka, mheshimiwa akalala akitazama dari, povu nusu uso. Profesa akaapa aibu ile haitarudi. Akamwita fundi chuma, wakatoboa sakafu, wakafunga viti vyote vitatu kwa bolti nene kama kidole gumba.

"Hata tetemeko lije," akawatangazia wateja, "hapa haking'oki kitu!"

Miaka mitatu ikapita, mkataba ukafika mwisho. Profesa alikuwa ameshapata chumba cha bei nafuu ng'ambo ya barabara. Siku ya kuhama akaja na mkewe, fundi chuma na spana. Mlangoni wakamkuta mwenye nyumba, Mzee Pole, aliyeitwa hivyo kwa sababu hakuwahi kumuumiza mtu bila kumpa pole kwanza.

"Pole, kijana wangu. Hiyo spana weka chini."

"Nachukua viti vyangu tu, mzee."

"Ukurasa wa nne. Wewe ndiye Profesa, tusomee."

Profesa akasoma, sauti ikizidi kuzama: chochote ambacho mpangaji atakifunga sakafuni au ukutani kitakuwa mali ya mwenye nyumba mkataba utakapokwisha.

"Lakini nimenunua mimi! Risiti ninazo!"

"Nani kabisha? Umenunua vizuri sana. Ungeviacha visimame tu, leo ungevibeba."

Fundi chuma akakohoa, akakumbuka ana kazi ya haraka kwingine, akaondoka na spana yake.

"Sasa hiki ni chumba chenye samani," Mzee Pole akaendelea kwa upole. "Kodi itapanda kidogo. Lakini wewe ni mtu wetu, nakupa nafasi ya kwanza."

Profesa akafikiria chumba cha ng'ambo, kitupu, na wateja wake wameketishwa juu ya ndoo. Akamgeukia mkewe.

"Usiniangalie mimi," mkewe akasema. "Mimi ni maneno ya kujaza karatasi."

Mzee Pole akatoa mkataba mpya. Safari hii Profesa alisoma kurasa zote, neno kwa neno, amesimama, kwani hakuwa na uhakika kama ameruhusiwa kuketi. Alielewa kila kitu. Hapakuwa na mtego wala fumbo. Yote yaliandikwa waziwazi, na hakuna hata mstari mmoja uliomfaa. Akatia sahihi.

Mzee Pole akajinyoosha kwenye kiti cha katikati, akainua kidevu.

"Haya, tuanze na ndevu. Mwenye kiti halipi, au vipi?"

Profesa akamfunga kitambaa shingoni bila mhadhara wowote. Akamnyoa kwa uangalifu, mpaka nyuma ya masikio, kwa sababu akimnyoa vibaya, jina ambalo lingeharibika mtaani lilikuwa la kinyozi.