Majogoo wa Uzi Mwekundu

Candelaria Choc alikuwa na mabanda matatu ya mianzi, na kila kuku wake alifungwa uzi mguuni: mwekundu, wa njano au mweusi, kufuata banda alimototolewa. Mitetea walibaki banda la mama zao. Majogoo wakikua walihamishiwa banda linalofuata, ili baba asimpande bintiye na damu ikadhoofika. Alitaka kundi linalojizaa lenyewe, asinunue tena vifaranga wa mjini waliokuwa wakifa mvua za Mei zikianza.

Banda jekundu lilikosa jogoo wa damu ngeni. Mmoja aliletwa na Basilia, mke wa mwana wa mzee Don Fermín, amempakata ndani ya shali. Alisema ni zawadi, akaondoka bila kuonja kahawa. Nyumba ya Fermín haikuwa na desturi ya kutoa kitu. Candelaria alimtenga jogoo yule siku kumi na nne, akamkagua macho, kinyesi na chini ya mbawa. Hakuona ugonjwa. Alfajiri ya siku ya kumi na tano, jogoo aliwika kwa sauti ya Macario.

Macario alikuwa kaka yake. Miaka kumi na tisa kabla, alikwenda kwenye mkutano wa kudai mashamba na hakurudi.

Jogoo aliita "Kande," jina ambalo Macario peke yake alikuwa akimwita Candelaria. Tomasa wa jirani alisikiliza akiwa upande wa pili wa ua, anasuka nywele zake.

"Ndiye," alisema. "Ila ana mafua."

"Ni baridi ya asubuhi," Candelaria alijibu, akamwongezea jogoo mahindi.

Tangu hapo hakumwamini mtu. Punje za mahindi alizozikuta zimemwagwa karibu na ua aliziokota moja moja akazifukia, akihofia sumu. Mabanda alianza kuyafunga kwa waya. Mtu akisimama njiani muda mrefu, alitoka akasimama naye mpaka aondoke. Basilia, wakikutana sokoni, aliinamisha macho.

Wana wa jogoo yule walisema zaidi. Candelaria aliacha kuchagua mbegu kwa uzito na rangi. Kila asubuhi aliketi kwenye kigoda akasikiliza. Wenye kigugumizi aliwapika supu. Waliotamka vizuri aliwapa mitetea wanaoatamia kwa utulivu. Kizazi cha kwanza kilisema, "Kande, niko chini." Cha pili kilisema, "Niko chini ya sakafu." Katika kizazi cha tatu alitoka jogoo mwembamba, ambaye mfugaji mwingine angemchinja mapema, akatamka yote: "Kande, niko chini ya sakafu ya Fermín."

Hakuna aliyeuliza sakafu ipi. Kijiji kilikuwa na moja tu ya saruji, ya kuanikia kahawa, na ilimwagwa mwaka ule ule wa mkutano.

Fermín alikuja kofia mkononi. Enzi za vita, Macario alipopotea, alikuwa mkuu wa mgambo wa kijiji. Sasa alitembelea fimbo.

"Mwanangu, mchinje huyo. Ana kelele."

"Ndiye baba wa nusu ya kundi langu, mzee."

"Mbegu yake ulipewa na nani?"

Candelaria hakumtaja Basilia. "Alikuja mwenyewe."

"Kuku haji mwenyewe."

"Na mtu hapotei mwenyewe, mzee."

Fermín aliwatazama kuku wote, banda moja baada ya jingine, akavaa kofia yake.

Candelaria alipeleka habari wilayani. Karani alikuja, akamwomba jogoo arudie, jogoo akarudia, karani akaandika. Kisha akaeleza kwamba shahidi lazima awe na kitambulisho. Alifunga jalada, akauliza kama angepata mayai ya kutotolesha, kwa sababu mkewe alitamani sana kuku wa kienyeji.

Wengi waliyataka mayai hayo, maana vifaranga wa Candelaria hawakufa ovyo. Baada ya miaka miwili kila nyumba ilikuwa na majogoo hao, na alfajiri sauti ya Macario ilisikika kutoka mlimani hadi mtoni. Watu waliamka kwa sauti hiyo kwenda shambani. Uani kwa Fermín walikuwepo watatu, wa Basilia.

Mavuno yalipofika, watu walibeba kahawa yao kwenda kwenye sakafu ya Fermín, kwa kuwa nyingine haikuwepo. Candelaria naye alipanga foleni. Fermín alimwonyesha sehemu yake kwa fimbo, pale karibu na ukuta. Candelaria alivua viatu, akamwaga kahawa, akaanza kuitandaza kwa reki, taratibu, bila kuikwaruza saruji.