Seli za Dada

Wiki ya nne baada ya kuwekewa uboho wa dada yangu, viganja vyangu viliwiva vikawa vyekundu na kuwasha kama nimeshika upupu. Daktari alivigeuza kama mtu anayesoma mita ya maji.

“Seli za kinga za dada yako zimeuona mwili wako ni mgeni. Zinaushambulia. Tutakupa dawa ya kuzituliza.”

Dada alikuwa akikunja upya shuka ambazo muuguzi alikwisha kuzikunja. Akaziacha. “Yaani ni mimi ninayemla mdogo wangu? Ziueni zote! Nilitoa uboho apone, sikutoa ababuke ngozi.”

“Tukiziua zote, saratani ya damu inaweza kurudi. Hizo hizo ndizo zinazoiwinda.”

Nikamtazama dada. Miaka yote ameingia kwangu bila hodi, akapekua friji, akawatimua rafiki zangu walevi. Mara mbili nilibadilisha kitasa.

“Daktari,” nikasema, “zipunguze makali tu. Zikae.”

Dada akazirudia shuka zake. “Na wewe,” akasema bila kunitazama, “acha kujikuna.”