Kipimo cha Mtamba

Rāwiri alimkuta mkewe nyuma ya banda la kukamulia, amechuchumaa kando ya gunia la magnesiamu, kijiko mdomoni.

"Merania," alisema, "hicho ni chakula cha ng'ombe."

Merania alimeza kwanza. Unga ule una ladha ya chokaa, na midomo yake ilikuwa myeupe kama ya mtoto aliyefumaniwa na maziwa ya unga. Kila asubuhi ya majira ya ng'ombe kuzaa, kabla kundi halijatoka, ni yeye aliyezunguka malishoni akiunyunyiza juu ya majani. Nyasi changa za huku Taranaki hushibisha ng'ombe lakini humwacha na upungufu wa madini. Miguu hutetemeka, mnyama huanguka, na ukichelewa humwinui tena. Ng'ombe waliokula unga wa Merania walisimama. Yeye misuli ilikuwa ikimkaza kila usiku tangu baridi ianze, basi akaona hapo hakuna cha kufikiria sana.

"Nimejipimia kama mtamba mmoja," alisema.

"Mtamba," Rāwiri alicheka hadi akashika nguzo. "Na wajukuu wote wale. Kumbe ndiyo maana tangu juzi tumbo linakuendesha, makao yako ni chooni. Mimi nikawasingizia kome tuliokula kwa dada yangu."

Alicheka peke yake. Merania alikuwa amefunika uso kwa kiganja chenye unga, na mabega yalikuwa yakitikisika.

"Tame alianza hivi hivi," alisema.

Tame alikuwa kaka yake. Shavu la mguu lilimkaza usiku, akalipuuza. Baadaye mguu ukalegea, kisha mikono, kisha ulimi, hadi wakamzika. Ugonjwa wa mishipa ya fahamu, walisema madaktari. Tangu shavu lake mwenyewe lilipokaza mara ya kwanza, Merania alikuwa akiamka, akiuma mto, akienda kusimama kwenye vigae vya jikoni mpaka maumivu yaachie, kisha akirudi kitandani taratibu asimwamshe mtu. Hakwenda hospitali kwa sababu aliogopa. Aliona heri amalize gunia zima kuliko kusikia jina la ule ugonjwa likitajwa tena mbele yake.

Rāwiri aliketi juu ya ndoo iliyopinduliwa. Kicheko kilikuwa kimemwisha kabisa.

"Yaani umekaa na hili tangu baridi, na mimi nipo ubavuni nakoroma?"

"Tena unakoroma kweli."

"Kavae viatu vya mjini. Ndama nitamwomba jirani awanyweshe."

Daktari wa pale mjini alikuwa binti wa Kitonga aitwaye Sela. Alimgonga Merania magoti kwa nyundo ndogo, akamtembeza kwa vidole na kwa visigino, akamwambia asukume kiganja chake kwa mguu, akamtaka atoe ulimi, akautazama kwa muda mrefu. Merania naye aliutazama uso wa daktari kama anavyotazama anga siku ya kukata nyasi za kukausha.

"Shangazi," Sela alisema mwishowe, "kwa ulivyonieleza, mguu wa kaka yako ulikonda na kulegea. Wako nusura univunje mkono. Sioni dalili yoyote ya ugonjwa ule."

"Sema tena."

"Huna, shangazi. Unasimama kwenye saruji tangu alfajiri, maji hunywi, na umri nao haukuachi. Misuli inakaza. Ikikaza, vuta vidole vya mguu kuelekea gotini, hivi."

"Na magnesiamu?" aliuliza Rāwiri.

"Ya watu ipo, vidonge. Wengine huwafaa, wengine hawaoni tofauti. Nitamtoa damu tupime figo; majibu yakirudi mazuri, ajaribu. Ile ya ng'ombe waachieni wenyewe."

Raha ilimjaa Merania. Alimsukuma mumewe mlangoni haraka, daktari asije akabadili maneno.

Mchana huo, kabla ya ukamuaji wa jioni, alijilaza sofani bila hata kuvua viatu, usingizi ukamchukua. Humo humo msuli ukamkaza, shavu likawa gumu kama jiwe. Na Merania, ambaye tangu baridi hakuwa ametoa hata mguno, akapiga ukelele uliotimua kuku uani.

Rāwiri alikuja mbio na gambuti zake za matope, akakanyaga zulia lote, akapiga magoti, akamvua kiatu na kuvuta vidole kuelekea gotini.

"Inauma?"

"Inauma sana," alisema, akilia na kucheka pamoja. "Inauma tu, Rāwiri. Hakuna kingine."

Maumivu yakaachia kidogo kidogo. Rāwiri hakuuachia mguu. Nje, ng'ombe walikuwa wamejaa langoni na viwele vyao vizito, wakilia wafunguliwe, na wale wawili wakawaacha walie.