Bwawa Lililopata Joto Jumapili

Jumamosi ya tatu ya Mei, saa nne asubuhi, Mariette na mumewe Réjean waliondoa turubai juu ya bwawa la kuogelea nyuma ya nyumba yao mjini Alma. Chini yake walikuta majani ya mwaka jana, vyura wawili waliokufa, na maji ya nyuzijoto kumi na moja. Mariette alizijua nyuzi kwa sababu alimtumbukiza bata wa plastiki mwenye kipimajoto tumboni.

"Mwaka huu tununue mtambo wa kupasha maji," Réjean alisema. "Tunaoga wiki tano, halafu tunalifunika tena kama maiti."

Mchana alikuja Gaétan, muuzaji wa mitambo hiyo, akatandaza picha tatu juu ya meza ya uani. Mtambo wa gesi hupasha upesi lakini una njaa. Mabomba meusi ya jua hayali kitu, ila yanataka jua, na jua la Alma huja likipenda. Pampu ya umeme hufyonza joto la hewa na kulitia majini.

"Na hewa yenyewe ikiwa baridi?" Mariette aliuliza.

"Hii haijali, mama. Hata kwenye nyuzi sifuri inachapa kazi."

Mariette akamtazama bata. Kumi na mbili.

"Kelele je? Jirani yetu anapenda kesi."

"Hata paka wake hatasikia."

Kumi na tatu.

"Naona jua limeanza kukaza," Réjean alisema. Mawingu yalikuwa yamefunika pande zote.

Mariette alikuwa mtu wa kuliweka jambo pembeni mpaka lipate mwenzake. Walimwambia Gaétan watafikiri.

Kila Jumapili Réjean aliendesha gari saa nzima hadi Roberval, kumwona mama yake, Fleurette, kwenye nyumba ya wazee. Jumapili asubuhi Mariette huwa kazini, kwenye kaunta ya nyama dukani, kwa hiyo humpa mumewe kopo la peremende za sukari na krimu. Fleurette ndiye aliyemfundisha kuzipika, mwaka ule alipoolewa. Kumpigia simu hakumpigii, maana Réjean alimwambia simu humchosha mama.

Jumapili hiyo jioni Réjean alirudi na kopo tupu. Mariette alikuwa anaopoa majani kwa wavu. Maji yalikuwa yamerudi kumi na mbili.

"Mama hajambo?"

"Hajambo kabisa. Kazila zote. Kanitania eti nimeota kitambi."

Mvuke ulianza kupanda taratibu. Bata alisoma kumi na tisa.

Réjean aliinama akatia mkono. "Ni lile turubai," alisema. "Limetunza joto."

Ishirini.

Jumatatu Mariette alijaza chupa maji ya bwawa akayapeleka kwenye duka la vifaa vya mabwawa kupimwa, kama kila mtu afanyavyo msimu unapoanza. Binti wa pale alichovya karatasi zake, akasubiri, akasoma.

"Klorini iko chini kidogo. Mengine sawa. Ila haya yanapata moto kwa uongo."

"Hutokea?"

"Hutokea. Kuna nyumba moja kule Dolbeau, mume anauza magari. Ikifika Agosti wanachemshia mahindi humo humo." Akamfungia vidonge. "Ongeza klorini, maji ya moto huila. Na mtambo usinunue, mtaungua."

Jumatano Mariette alipiga simu Roberval.

"Zile peremende zilikufaa, Mama?"

"Zipi, binti yangu?" Fleurette alisema. "Tangu Krismasi sijaonja. Mguu wa Réjean umeunga? Mwambie asilazimishe kuendesha."

Mariette alikata simu, akaenda kwenye gari. Katikati ya kiti cha dereva na mlango aliokota chembe za sukari, mpya na kuukuu, zikajaa kiganja.

Alisubiri mpaka Réjean alipomaliza supu yake ya njegere, wakatoka kukaa kando ya bwawa. Bata alisoma kumi na saba.

"Nimeongea na mama."

Réjean alivua viatu, akatumbukiza miguu majini. "Ananitazama kama mtu aliyekwisha kuvaa koti," alisema mwishowe. "Anangoja nimrudishe nyumbani."

Mariette alimtazama bata. Hakupanda wala kushuka.

"Nitakwenda Jumapili hii," Réjean alisema.

Ishirini na moja.

Gaétan alipopiga simu mwezi wa Juni, aliambiwa mtambo hauhitajiki. Hakuuliza sababu, alisema ni mteja wa nne mwaka huo. Kufikia katikati ya mwezi Lucette, mdogo wake Mariette, alikuwa akija na watoto wake watatu kila Jumapili baada ya chakula cha mchana.

"Dada, leo mmetubania," alisema Lucette siku moja, maji yakimfika magotini. "Bwawa lenu limenuna."

Bata alisoma kumi na nne tu. Réjean alikuwa anaelea chali, macho kafumba. Siku hizi hakuondoka tena na kopo wala kujifanya amemwona mama yake. Simu ikalia jikoni. Mariette aliipokea akiwa amesimama dirishani.

"Réjean atakuja lini?" Fleurette aliuliza.

Mariette alimtazama mumewe, kisha watoto, waliokuwa wamejikunyata ukingoni, midomo ya buluu.

"Yuko njiani, Mama," alisema. "Ameshakununulia na maua."

Nje watoto walianza kujitupa majini, mmoja baada ya mwingine.