Tundu Lililoota Ndevu

Sabiri, Mzigua, fundi seremala wa Kabuku, alitoboa bampa la faibaglasi la dereva mmoja kwa biti yake ya kutobolea mbao. Tundu likachanika ukingoni, nyuzi zikaning'inia.

"Mtani, umetoboa au umeotesha ndevu?" aliuliza Dorkasi, Msambaa, fundi vigae wa jirani. "Nyuzi hizo ni za kioo, zimekula makali ya biti yako."

Lilibaki tundu moja, na dereva alishaapa kwamba nalo likiharibika, bampa analipeleka kwa fundi wa Korogwe.

"Niazime biti yako ya vigae," Sabiri alinong'ona.

"Kwanza mwambie dereva kwamba Mzigua anaokolewa na Msambaa."

Sabiri alimwambia dereva maneno hayo. Kisha akapewa biti, akatoboa polepole, na tundu likatoka safi.

Dereva akamgeukia Dorkasi. "Dada, karakana yako iko wapi?"