Kibodi Isiyo na Kelele

Bosi wetu alikuwa akipima kazi kwa masikio. Chumba chake na chumba cha kuchapia vilitenganishwa na ukuta wa mbao nyembamba, naye alikaa upande wake akisikiliza. Kelele zikiwa nyingi, kazi inakwenda. Zikipungua, hugonga mbao kwa pete yake: "Huko kuna watu au kuna msiba?"

Upande wa pili wa mbao alikaa wifi yangu, dada wa marehemu mume wangu. Yeye ndiye mchapaji, mimi ndimi mwenye ufagio na matambara. Alikuwa kwenye miezi sita ya majaribio, na miezi hiyo ilikuwa inakaribia kwisha. Baada ya hapo bosi angeandika barua, ama ya kumwajiri ama ya kumuaga. Tunakaa nyumba moja, kwa hiyo barua hiyo niliiombea kila alfajiri kana kwamba ni yangu.

Kibodi aliyoikuta mezani ilikuwa kongwe. Vitufe vyake vilikuwa vigumu, kimoja mpaka ukiegemee, na sauti yake kama mtu anamwaga kokoto juu ya bati. Bosi aliipenda. Mkono wa wifi haukuipenda. Mwezi wa tano wa majaribio kifundo cha mkono wa kulia kikavimba, akawa hawezi hata kukamua nguo.

"Unajidekeza, wifi," nilimtania. "Kaka yako alipasua kuni miaka yote na hakulalamika."

"Kaka yangu alikuoa wewe. Alishazoea mateso."

Nilicheka, lakini nilipomwona anashika kikombe kwa mikono miwili kama mtoto, kicheko kikaniishia.

Nilifanya nililoweza. Nilichomoa waya, nikaigeuza kibodi kifudifudi juu ya gazeti, nikaipigapiga mgongoni. Yakatoka makombo ya mikate ya miaka, pini tatu, mbu mkavu, na vipande vya kucha ambavyo sikutaka kujua ni vya nani. Nikapitisha brashi ya rangi katikati ya vitufe, nikafuta kwa kitambaa chenye spiriti kidogo, kimekamuliwa vizuri isiingie ndani. Kung'aa iling'aa, lakini ugumu ukabaki palepale. Maiti hata umwoshe vipi, haamki.

Basi Jumamosi tukaenda duka la kompyuta. Muuzaji akaanza na kibodi iliyowaka taa za rangi zote.

"Hii ndiyo wanayoitaka siku hizi, mama."

"Huyu anataka kuchapa," nikamwambia, "hataki kuolewa."

Akaleta ndogo ya kupendeza, lakini ilikosa zile tarakimu za pembeni, na kazi ya wifi nusu yake ni orodha za mizigo. Akaleta isiyo na waya, ya kutumia betri. Wifi akaikumbatia. Nikamuuliza betri zikifa katikati ya barua ya bosi atamalizia kwa mate? Akairudisha.

Muuzaji akatutazama mmoja mmoja. "Sasa mnunuzi ni nani hapa?"

"Mwenye mkono ni yeye," nikasema. "Mwenye macho ni mimi."

Nikamtaka wifi aketi achape palepale, kama mtu anavyotembea na kiatu kabla ya kukilipia. Alijaribu nne akikunja uso. Ya tano ilikuwa bapa, vitufe vifupi na laini, na mkono ulilala juu yake umenyooka. Alichapa ukurasa mzima huku akimsimulia muuzaji visa vya jirani yetu. Mimi sikusikia chochote ila umbea.

"Hiyohiyo," nikasema. Hakuna kati yetu aliyeyakumbuka masikio ya bosi.

Jumatatu saa tatu pete ikagonga mbao. "Huko kuna watu?"

"Tupo, bosi."

Baada ya robo saa, pete tena. "Mnafanya nini?"

"Nachapa, bosi."

"Unachapa au unapaka mafuta?"

Ikawa hivyo Jumanne pia. Jumatano akatoka mwenyewe, macho mekundu, hasira juujuu. "Tangu wiki ianze sijasikia kazi humu! Ijumaa naandika barua. Watu wa kukaa kimya wapo makaburini, wala siwalipi."

Wifi akamnyooshea rundo la karatasi alizomaliza. Hakuzitupia hata jicho.

Alipofunga mlango wake, wifi akanisogelea. "Wifi, nina ombi dogo."

"Ukisema dogo najua ni tembo."

"Ile kongwe iko kabatini. Ijumaa kaa meza ya pili uipigepige tu. Waya wake hautachomekwa popote. Mimi nitachapa, wewe utapiga kelele."

"Huo ni uongo."

"Hutasema hata neno!"

"Vidole vitasema. Navyo vitaulizwa siku ya kuulizwa."

Alininyooshea mkono tu. Uvimbe ulikuwa umeanza kushuka, mfupa unaonekana tena. Nikajua nikikataa ataichomeka ile kongwe na mkono utaharibika moja kwa moja. Nikakubali, Mungu anisamehe.

Ijumaa nikakaa meza ya pili. Sijui kuchapa, shule yangu iliishia darasa la saba na kompyuta hatukuziona. Vidole vikakosa cha kufuata, vikafuata nilichozoea. Nikawa naomba kimoyomoyo, kila neno kitufe kimoja. Nikaombea wagonjwa, wasafiri, wajane wenzangu. Nilipofika kwa marehemu mume wangu nikaenda kwa kasi, maana ya kumwombea ni mengi.

"Eeeh!" sauti ikatoka nyuma ya mbao. "Leo kuna mtu anafanya kazi!"

Wifi akajiziba mdomo kwa kanga. Nikaendelea. Baada ya muda nikasikia kitu kingine kutoka kule, kizito, kinapanda na kushuka. Nikasimamisha vidole. Kikakatika, na kiti kikalia. Nikapiga tena. Kikarudi. Nikajaribu mara tatu nipate uhakika, kwa sababu mtu hasingiziwi.

Bosi alikuwa anakoroma. Kelele zetu kwake zilikuwa mvua juu ya bati, na wiki nzima tulikuwa tumemnyima usingizi.

"Tumemkamata!" wifi akaninong'oneza, machozi ya kicheko yanamtoka. "Akileta barua mbaya, tunamtangaza!"

"Aibu ya mtu si fimbo ya kumchapia," nikamwambia. "Na mimi nina yangu ya kusema kwanza."

Nikagonga mlango kwa nguvu, nikasubiri mpaka niliposikia anajikohoza. Alikuwa ameshika kalamu, na shavuni ana alama ya kona ya faili. Nikaweka kibodi kongwe mezani kwake.

"Bosi, nimekuja kuomba radhi. Kelele za leo nilikuwa nazipiga mimi, kwa hii. Haikuunganishwa na kitu. Nimekudanganya. Aliyefanya kazi ni yule uliyekuwa humsikii."

Nikampa karatasi za asubuhi ile. Safari hii alizisoma, moja baada ya nyingine, akilamba kidole. Zilikuwa nyingi kuliko za siku nzima ya zamani. Kisha akaniuliza bila kunitazama:

"Na wewe umesikia nini kutoka huku?"

Kudanganya nilikuwa nimeshatubu. "Nimesikia mtu aliyechoka, bosi."

Akavua miwani, akajisugua macho. "Binti yangu amejifungua mapacha," akasema taratibu. "Wako kwangu. Hata kwa zamu hawalali."

"Mungu awakuze."

"Wakue upesi," akaitikia kwa moyo wote.

Akamwita wifi, akamsomea maneno ya barua ya kumwajiri achape mwenyewe. Wifi akachapa, na bosi akasimama nyuma yake ameinamisha sikio, kisha akakata tamaa akatumia macho. Wifi alipofika kwenye likizo akapunguza mwendo.

"Bosi, ulisema siku ishirini na nane au thelathini na nane?"

"Andika nilichosema kabla sijabadili mawazo!"

Akatia sahihi, akagonga muhuri, akaniletea ile kongwe, akarudi kwake. Sisi tulikuwa bado tumeshikana mikono, ule mzima na ule mgonjwa, aliposema kupitia mbao, kwa sauti ya chini kabisa:

"Mama wa ufagio. Ile kongwe… ungeipiga kidogo tu. Akija mtu, sema niko kikaoni."

"Nitaipiga, bosi. Ila akija mtu nitamwambia umelala."

Kisha nikasikia anafungua faili aanze kazi.