Babu Anacheka Tu

Siku ya tatu Babu alicheka tena.

Vibao viliangukia sakafu ya mbao mbele ya picha yake, vyote viwili chali kama kobe waliopinduliwa, vikatikisika kidogo, vikatulia. Niliendelea kuvitazama. Nadhani nilikuwa nangoja kimoja kinihurumie, kijigeuze.

"Vipi?" Bibi aliuliza kutoka kwenye kiti chake cha henzirani.

"Anacheka, Bibi."

"Bado?"

"Bado."

"Mwanamume huyu!" alisema, akageuza uso kuelekea dirishani, ingawa dirisha kwake lilikuwa weupe mtupu.

Vibao vyetu ni vyekundu, kila kimoja mfano wa mwezi mwandamo, bapa upande mmoja, upande wa pili umevimba kama mgongo. Unauliza swali, unavirusha. Kimoja kikilala chali na kingine kifudifudi, marehemu amekubali. Vyote kifudifudi, amekataa. Vyote chali, anacheka, na wewe unabaki pale umepiga magoti, hujui umeambiwa nini.

Swali lilikuwa hili: Bibi apasuliwe jicho Alhamisi, au asipasuliwe? Alikuwa amebakiwa na moja. La kulia lilipasuliwa miaka miwili nyuma, mwaka wa mafuriko, likaingiwa na wadudu likafa. Sasa la kushoto lilikuwa na mtoto wa jicho, na daktari alisema likiachwa mpaka mvua za mwaka huu huenda hata yeye asiwe na la kufanya. Alitutafutia nafasi Alhamisi asubuhi. Karani wake alitaka jibu Jumatano, kabla ya saa kumi jioni. Bibi akasema jibu atalitoa Babu, aliyekufa miaka sita iliyopita. Na kwa kuwa Bibi haoni, wa kurusha nikawa mimi, na wa kusoma mimi pia.

"Kwa nini mimi?" nilimwuliza Ahia Wendell, kaka yangu, tulipokuwa chini dukani. "Wewe ndiye mkubwa."

"Mimi nikisema ndiyo, ataniambia nirudie mbele ya padri. Wewe hujawahi kudanganya tangu uzaliwe. Ndiyo maana amekuchagua, mdogo wangu." Akashusha sauti. "Na ndiyo maana inabidi umdanganye."

"Si vizuri."

"Na upofu ni vizuri?"

Nilijifanya napanga makopo ya vifungo.

Duka letu ni la vifungo, zipu na lesi, kwenye kichochoro kinachotokea Ongpin, barabara ya mtaa wa Wachina, chembamba kiasi kwamba majirani wa ghorofa ya pili wanapeana chumvi kwa mkono kupitia dirishani. Bibi alikuwa bado anashuka kila asubuhi na kuuza kwa vidole. Alijua kifungo cha chaza na cha plastiki, cha mashimo mawili na cha manne. Lakini wiki iliyotangulia alikuwa amempa fundi nguo wa soko la Divisoria vifungo vya kijani badala ya vyeusi, mia tano, na vidole havikumsaidia. Fundi alivirudisha kwa adabu.

Kila mtu alikuwa na maelezo yake kuhusu kicheko cha Babu. Aling Cresing, mama kutoka mkoa wa Bulacan aliyefanya kazi dukani kwetu tangu kabla sijazaliwa, alisema ni njaa.

"Mmempa machungwa tu tangu Jumapili. Yule mzee alikuwa mtu wa machungwa? Mpikieni tambi na miguu ya nguruwe, mtaona."

Tulimpikia. Akacheka. Tambi tukala sisi, na Cresing akaongeza sahani.

Ahia Wendell alisema ni nyumba. Nyumba yetu imeinama upande wa mfereji, jambo hilo ni kweli. Kifungo cha duara ukikiweka katikati ya sebule kinakwenda chenyewe mpaka chini ya kabati. Basi tukatandika ubao wa kukatia nyama, tukauinua upande mmoja kwa kadi za zipu, Wendell akalala kifudifudi na kufumba jicho moja kama fundi mwashi. "Sasa umenyooka," alisema. Nikarusha. Babu akacheka juu ya ubao ulionyooka.

Jumanne nilipanda mpaka hekalu la Kichina, ghorofa ya tano ya jengo la jirani, nikamngoja mtunzaji amalize chai yake. Mzee yule alinisikiliza bila kuniangalia, nami nilishukuru kwa hilo.

"Mnauliza vibaya," alisema. "Swali lenu lina ukungu. Lisafisheni."

Nilirudi nikaliandika upya kwenye karatasi. Bibi apasuliwe? Bibi apasuliwe Alhamisi? Apasuliwe na daktari huyu? Jicho la kushoto? Nilitaja jina lake kamili la Kichina, nikataja la ubatizo, nikataja mtaa na namba ya nyumba, isije ikawa Babu anadhani tunamwulizia bibi wa watu wengine. Alicheka mara saba. Usiku ule sikujua tena kama tunamwuliza swali au tunamsumbua mtu aliyelala.

Jumatano saa tisa na nusu alasiri tulikuwa watatu sebuleni. Ahia Wendell alisimama mlangoni na simu mkononi, namba ya karani imeshafunguliwa. Bibi alikaa wima, amevaa blauzi yake ya kwendea misa. Niliwasha ubani, nikainama mara tatu, nikauliza, nikarusha.

Chali. Vyote viwili.

Nilimtazama kaka yangu. Alifumba macho, akayafumbua, kama mtu anayeomba.

"Ndiyo," nikasema. "Amekubali, Bibi."

Sauti yangu ilitoka nzuri kabisa. Hilo ndilo lililonitisha.

Bibi aliuliza, "Kimoja chali, kimoja kifudifudi?"

"Ndiyo, Bibi."

"Kipi kimelala kifudifudi?"

"Cha… cha kulia."

"Sherilyn."

"Naam, Bibi."

"Kibao kikilala kifudifudi kinasema pa, basi. Kikilala chali kinatikisika. Hivi vyote viwili vimetikisika. Macho ndiyo yamekwenda, mjukuu wangu. Masikio ninayo."

Nilitaka kusema samahani, lakini machozi yalitangulia.

"Ni mimi niliyemwambia," alisema Ahia Wendell haraka. "Usimgombeze yeye."

"Najua ni wewe. Yeye angeachwa peke yake angezeeka na ukweli wake hapo sakafuni. Shuka ukamsaidie Cresing."

"Bibi, saa kumi kasoro—"

"Shuka."

Alishuka, akaisahau simu juu ya kabati.

Nilibaki nimepiga magoti. Nilingoja karipio, na sikulipata. Bibi alikuwa anasugua kidole gumba juu ya kifungo cha mkononi mwa blauzi yake.

"Unajua nilipomwuliza babu yako tununue duka hili, alisema nini?"

"Hapana."

"Alicheka. Nilipomwuliza tumpeleke baba yako shule ya masista au ya mapadri, akacheka. Alisema, si utaamua wewe? Mwaka ule wa moto, lori la zimamoto liko mlangoni, nampigia kelele, tutoe vitambaa au vitabu vya duka? Mwanamume akasimama pale, ananicheka!" Alitikisa kichwa. "Miaka arobaini na tisa. Sijui kwa nini nilidhani kufa kutamfundisha kuamua."

Nilijikuta nimechanganyikiwa zaidi kuliko siku zote hizo. "Sasa kwa nini unamwuliza yeye?"

"Kwa sababu jicho la kulia niliamua mwenyewe. Sikumwuliza mtu, aliye hai wala aliyekufa. Nilifunga duka siku ile nikaenda kama ninakwenda sokoni. Nimebakiwa na moja. Nimechoka kuamua, Sherilyn. Nilitaka safari hii mtu mwingine aseme."

Chini nilimsikia Cresing akimcheka kaka yangu kwa jambo fulani, na mteja akiuliza zipu za sketi.

"Na wewe unasemaje?" Bibi aliuliza.

"Mimi?"

"Kuna nani mwingine? Umesema ndiyo sasa hivi kwa kinywa cha babu yako. Ilikuwa ndiyo ya nani?"

Sikujua. Nasema kweli, sikujua. Ilikuwa ya Wendell, kwa kuwa ndiye aliyenipa. Lakini iliponitoka, kitu ndani yangu kilikuwa kimelegea, kama ninayeshusha mzigo. Mimi si mtu wa kuulizwa mambo. Tukienda kula, nakula kilichoagizwa. Chuoni nilisomea uhasibu kwa sababu fomu ilikuwa imeshajazwa. Na sasa jicho, la mwisho, la mtu aliyenilea, limewekwa mbele yangu kama bakuli.

"Na likifa?" niliuliza.

"Litakuwa limekufa."

"Utanilaumu."

Alifikiri. Nilipenda kwamba alifikiri. "Kidogo," alisema. "Siku za mvua."

"Na nikisema usiende?"

"Hapo pia nitakulaumu. Taratibu zaidi, kwa sababu litakufa taratibu."

Nilitazama vibao. Vilikuwa mbao mbili zilizopakwa rangi, na rangi ilikuwa imebanduka pembeni. Kwa mara ya kwanza tangu Jumapili sikutaka kuviokota.

"Nenda, Bibi," nilinong'ona.

"Nini?"

"Nenda."

"Sema kama mtu mwenye duka."

"Nenda upasuliwe!" Nilipiga kelele, na kule chini Cresing alinyamaza. "Mimi ndiye ninayetaka. Sitaki kukusomea vibao tena. Naogopa kukusomea. Sasa umeona nimekusomea nini."

Bibi aliinua kidevu kuelekea kabati.

"Piga simu. Wendell ameisahau hapo, nimesikia akiiweka."

Zilikuwa zimebaki dakika kumi na mbili kufika saa kumi. Mimi simu huwa sipigi. Naandika ujumbe, naufuta, naandika tena. Karani alipokea kwa sauti ya mtu aliyekwisha chukua mkoba wake. Aliuliza jina la mgonjwa, nikamwambia. Aliuliza kama familia imeamua.

"Ndiyo," nikasema. "Anakuja."

"Umesema ni nani wewe?"

"Mjukuu wake. Mimi ndiye… mimi niko naye."

Nilikata simu. Sikujisikia jasiri. Sikujua hata kama nilikuwa nimefanya jambo jema au nimefanya tu jambo, na kwenye picha Babu alikuwa na uso uleule wa siku zote, usiosema chochote kwa yeyote.

"Wamesemaje?" Bibi aliuliza.

"Kesho saa moja asubuhi. Usiku wa leo ukishafika saa sita, usile kitu."

"Hata uji?"

"Hata uji."

"Basi mwambie Cresing alete keki za hopia za choroko sasa hivi, za moto. Mbili zangu." Alinyoosha mkono hewani, akapapasa mpaka akapata bega langu, akalibana kwa nguvu, kama anayepima unene wa kitambaa. "Na wewe ule. Kesho ngazini si tutaanguka wote, kama mtu wa kunishika anatetemeka hivi?"